Paul Bomani na Mizani ya Pamba

Wasomaji wetu wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hawahitaji kufundishwa pamba ni nini. Wameilima tangu siku za babu zao, na hata leo Mkoa wa Simiyu ndio wa mbele katika zao hilo nchini Tanzania. Lakini tumeona kwamba vijana wengi wauzao pamba yao katika chama cha ushirika hawajui habari za mtu aliyeifungua njia hiyo, wala jinsi alivyoifungua. Basi mwezi huu twapenda kuwasimulia maisha ya Paul Bomani.

Alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Musoma. Baba yake, Lazaro Bomani, alikuwa Msukuma na mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, naye alikuwa kazini mbali na kwao. Hivyo mtoto alikulia kati ya makabila mengine, akasoma shule za misheni huko Ikizu. Baadaye akaajiriwa katika machimbo ya almasi ya Mwadui, akafanya kazi ya ukarani na hesabu. Twaomba msomaji aiweke kazi hiyo moyoni, maana ustadi wa kusoma daftari la fedha ulikuwa haba siku zile, na ndio uliompeleka Mwanza mwaka 1947 awe katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Chama hicho kilikuwa kidogo. Watu wake walikuwa wenye maduka madogo, waliotaka kununua bidhaa kwa pamoja ili wapate bei nafuu. Lakini mwenye duka wa shambani hula kwa mkono wa mkulima: mkulima akipunjwa kwenye pamba, duka nalo halina mnunuzi. Basi shauri la wenye maduka likawa shauri la wakulima.

Malalamiko ya wakulima yalikuwa juu ya mizani. Siku zile pamba yote ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya India, na mkulima asiyejua kusoma mizani alisimama mbele ya chombo kinachosema neno asilolifahamu. Mtu amelima mwaka mzima, amepalilia, amechuma, amebeba mzigo kichwani maili nyingi, kisha huambiwa ratli chache kuliko alivyodhani. Naye hana wa kumwuliza. Akigomba peke yake, alirudi na pamba yake nyumbani, na pamba hailiwi. Wakulima wakaanza kuchanga fedha ili kuweka watu wao wenyewe wapime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Ni jambo dogo, lakini ndilo lililozaa mengine yote.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, maana watu wengi husimulia habari hizi kana kwamba Bomani alifika na ushirika mfukoni. Sivyo. Usukumani kote, kuanzia Ntuzu hata Geita, vijana wa kila kijiji walikuwa na jamii zao za kulima kwa zamu. Walikuwa na mkuu wao waliyemchagua wenyewe, na taratibu zao, na faini kwa mtu asiyefika shambani kwa mwenzake. Aliyekataa faini alitengwa, na kutengwa katika nchi ya Wasukuma ni adhabu kali kuliko fimbo, kwa kuwa hapana atakayekuja kumsaidia siku ya msiba. Tena walikuwapo Bagalu na Bagika, jamii za ngoma ambazo watu wake walijuana kupita mipaka ya vijiji na ya watemi. Kwa hiyo kijiji kilipoombwa kitoe senti na kumchagua mtu wa kuzitunza, watu hawakuanza kujifunza kuaminiana; walikuwa wakiaminiana tangu zamani, na aliyeiba alijua yatakayompata. Kitu walichokosa ni mtu wa kuunganisha kijiji na kijiji, na vijiji na serikali. Mtu huyo ndiye Bomani, aliyejua daftari, aliyejua Kiingereza, na ambaye, kwa kukulia ugenini, hakuwa mtu wa utemi mmoja tu.

Mwaka 1952 wakaanzisha chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa, na Bomani akawa mbele. Mwaka uliofuata akapelekwa Uingereza, katika chuo cha Loughborough, akajifunza mambo ya ushirika. Aliporudi, vyama vya msingi viliungana, na mwaka 1955 ukawekwa muungano mkubwa ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, naye akawa meneja wake mkuu. Muungano huo ukajipatia viwanda vyake vya kuchambulia pamba. Hata kufika mwisho wa miaka ile ya 1950 mamia ya vyama vya msingi yalikuwa chini yake, na pamba yote ya Jimbo la Ziwa ikapita mikononi mwake. Twadhani hapakuwa na jambo kubwa kuliko hilo lililofanywa na wakulima Waafrika siku zile katika Afrika ya Mashariki.

Na ilikuwa wakati mgumu. Tangu 1954 hata 1958 serikali ya Waingereza ilikataza TANU kufanya kazi Usukumani. Lakini ushirika haukukatazwa. Watu waliozoea kukutana kwa ajili ya pamba waliendelea kukutana, na hapana awezaye kuwazuia watu wapimao pamba wasizungumze.

Baadaye Bomani aliingia serikalini. Akawa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 Waziri wa Fedha. Lakini mwaka 1965, katika uchaguzi wa wabunge, watu wa Mwanza, wale wale aliowatumikia, walimwangusha. Wengine wataona ni utovu wa shukrani. Sisi hatuoni hivyo. Muungano ulikuwa umekuwa mkubwa mno. Ofisi zilikuwa mbali na shamba, makato yaliongezeka, na mkulima alimwona karani wa ushirika kama alivyomwona zamani mnunuzi. Mwaka 1966 tume ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini na kukuta kasoro nyingi. Watu waliofundishwa kuangalia mizani waliendelea kuiangalia, ila safari hii mwenye mizani alikuwa wa kwao. Rais Nyerere alimteua tena kuwa mbunge na waziri.

Kuanzia 1972 hata 1983 alikuwa balozi nchini Marekani. Alipokuwa huko, mwaka 1976, serikali ilivunja miungano yote ya ushirika, na pamba ikapewa mamlaka ya serikali. Hasara ilionekana upesi, na vyama vikafufuliwa mwaka 1984. Lakini uaminifu haufufuliwi kwa sheria. Yafaa kukumbuka kwamba katika miaka ile ile, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi, vilipochoshwa na wezi wa ng'ombe, viliunda sungusungu bila kungoja amri ya mtu, kwa taratibu zile zile za kale: mkuu wa kuchaguliwa, faini, na kutengwa.

Mwaka 1994 wanunuzi binafsi waliruhusiwa tena. Bomani aliyaona hayo yote, akafariki mwaka 2005. Miaka saba baadaye Mkoa wa Simiyu ukaanzishwa, na Bariadi ikawa makao yake makuu. Tangu 2018 pamba imerudishwa kuuzwa kwa njia ya vyama vya msingi, na msimu ukifika wakulima husimama tena kwenye foleni mbele ya mizani, karani akiandika, na wazee wakinyoosha shingo wasome wenyewe.