Polina Osipenko: Mfuga kuku aliyeiteka anga, akafa mazoezini

Mei 11, 1939, ndege ya mafunzo ya Jeshi la Anga la Muungano wa Kisovieti ilianguka katika mkoa wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow, na kuwaua marubani wawili waliokuwamo. Mmoja alikuwa Anatoly Serov, aliyejipatia sifa katika vita vya Hispania. Wa pili alikuwa Meja Polina Osipenko, mwanamke mwenye umri wa miaka 31.

Polina alizaliwa mwaka 1907 katika familia ya wakulima, karibu na mji wa Berdyansk nchini Ukraine. Alifanya kazi ya kutunza kuku katika shamba la ushirika. Baadaye aliajiriwa kwenye bwalo la chakula la chuo cha urubani wa kijeshi cha Kacha, huko Crimea. Hakuridhika kuwahudumia marubani mezani. Aliomba kusoma, akakubaliwa, akahitimu na kurusha ndege za kivita.

Septemba 24, 1938, yeye, Valentina Grizodubova na Marina Raskova waliondoka Moscow kuelekea Mashariki ya Mbali kwa ndege iliyoitwa Rodina. Walikaa angani saa 26 na dakika 29 bila kutua, wakasafiri karibu kilomita 6,000 na kuweka rekodi ya dunia ya wanawake. Mafuta yalipokaribia kwisha, Raskova aliruka kwa mwavuli na kutangatanga msituni siku 10. Wenzake waliishusha ndege kwa tumbo katika kinamasi, wakanusurika.

Novemba 2 mwaka huo, watatu hao wakawa wanawake wa kwanza kutunukiwa cheo cha Shujaa wa Muungano wa Kisovieti.

Miezi sita baadaye, Osipenko alikuwa akijinoa kwa stadi ambayo kila rubani wa kijeshi aliihitaji: kuruka bila kuona nje, kwa kutegemea vipimo vya ndege pekee, kama inavyolazimu gizani au mawinguni. Ndege ikiwa chini, kosa dogo halitoi nafasi ya kujiokoa. Aliyeepuka kifo kwenye safari ndefu kuliko zote alikikuta katika zoezi la kawaida.

Majivu yake na ya Serov yalihifadhiwa katika ukuta wa Kremlin. Kijiji cha Kerbi, karibu na kinamasi kile, kilipewa jina lake, na kingali nalo.