Samuel Coleridge-Taylor (1875–1912): Mtunzi Aliyelelewa na Kwaya



Katika sehemu ya pili ya tamasha letu la yubile mtaona jambo ambalo halijawahi kuonekana hapa kwa miaka 50 ya kwaya hii. Okestra itaketi mbele ya waimbaji, mpiga piano atakuwa upande mmoja, na mwelekezi atakuwa mgeni. Tangu jambo hili litangazwe, baadhi yetu tumekuwa na hofu. Sisi ni walimu, wakulima, mama mboga na waendeshaji boda boda. Wengi wetu tunasoma solfa tu. Kamati imeniomba niandike maisha ya mtunzi mmoja ambaye aliwahi kuwa mwelekezi mgeni mbele ya waimbaji kama sisi.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa Mwafrika kutoka Sierra Leone aliyekwenda Uingereza kusomea udaktari. Mama yake, Alice Martin, alikuwa Mwingereza. Hawakuwa wameoana, na baba alirudi Afrika Magharibi bila kumlea mwanawe. Mama akampa mtoto jina la Samuel Taylor Coleridge, mshairi maarufu wa Uingereza.

Mtoto alikulia Croydon, kusini mwa London, katika nyumba ya watu wa kipato kidogo. Babu yake upande wa mama, fundi wa kupiga farasi viatu, ndiye aliyemwonyesha fidla kwa mara ya kwanza. Shuleni na barabarani alitukanwa kwa sababu ya rangi yake. Kanisani alipewa nafasi ya kuimba sauti ya kwanza katika kwaya ya watoto. Msimamizi wa kwaya hiyo, Kanali Herbert Walters, aliona kipawa chake, akamfundisha kuimba, kisha akamfanyia mpango wa kuingia Chuo cha Kifalme cha Muziki, London. Hiyo ilikuwa 1890, na Samuel alikuwa na miaka 15. Aliingia kusomea fidla, lakini baadaye akahamia utunzi chini ya mwalimu Charles Villiers Stanford.

Mwaka 1898 ulimfungulia mlango. Mtunzi mashuhuri Edward Elgar alikuwa ameombwa kutunga wimbo mpya wa okestra kwa Tamasha la Kwaya Tatu mjini Gloucester. Hakuwa na nafasi, akawaambia wamwombe kijana huyo. Samuel alifanya kazi hiyo vizuri akiwa na miaka 23 tu. Novemba mwaka huo huo, chuoni kwake, ulipigwa kwa mara ya kwanza utunzi wake wa kwaya na okestra kuhusu karamu ya arusi ya Hiawatha, shujaa wa wenyeji wa Amerika katika utenzi wa Longfellow. Baadaye akaongeza sehemu mbili, na kwa miaka mingi kwaya za Uingereza ziliuimba karibu kama zilivyoimba Masihi wa Handel.

Lakini sikilizeni jambo hili. Utunzi huo aliuuza moja kwa moja kwa mchapishaji kwa gini 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Nakala ziliuzwa kwa wingi sana, lakini yeye hakupata senti zaidi kutokana na sehemu hiyo. Alimwoa Jessie Walmisley mwaka 1899, wakapata mtoto wa kiume, Hiawatha, na wa kike, Avril. Ili kuwalisha ilimbidi afundishe vyuoni, aelekeze kwaya mbalimbali na awe mwamuzi wa mashindano ya muziki mji baada ya mji. Bado vijana wa mtaani walimtusi. Binti yake alikumbuka kwamba baba alipowaona wakija, aliushika mkono wake kwa nguvu zaidi.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Mama mmoja mpiga piano wa Washington, Mamie Hilyer, alisafiri hadi London akakutana na Samuel. Aliporudi, yeye na mumewe Andrew waliwakusanya waimbaji weusi wa mji ule, na mwaka 1901 wakaanzisha kwaya yenye jina la mtunzi huyo. Walimwalika, lakini hawakukaa kumngoja. Walijifunza utunzi ule wote mrefu chini ya mwalimu wao, John Layton, na Aprili 1903 wakauimba kanisani wenyewe.

Mgeni alifika Novemba 1904. Alikuta zaidi ya waimbaji 150 waliokwisha kuujua wimbo, na okestra iliyotoka katika bendi ya wanamaji wa Marekani, ambao walikuwa wazungu. Watu zaidi ya 2,000, weusi na weupe, walikuja kusikiliza. Ilikuwa miaka 39 tu tangu utumwa ukomeshwe katika nchi ile. Wazazi wa baadhi ya waimbaji walikuwa wamewahi kuwa watumwa, na sasa mwana wa Mwafrika alisimama kuelekeza waimbaji weusi na wapigaji weupe kwa pamoja. Rais Theodore Roosevelt alimkaribisha Ikulu. Kwaya ile ilikuwa imetangulia kufanya kazi yake, na mgeni alipokuja alijenga juu ya msingi uliokuwapo.

Safari hiyo ilimgeuza pia. Mwaka 1905 alitoa nyimbo 24 za watu weusi alizozipanga kwa piano. Nyingi ni za Wamarekani weusi, lakini zimo za Afrika Magharibi na za Waronga wa Msumbiji. Alionyesha kwamba wimbo wa kijijini unaweza kukaa katika piano bila kupoteza asili yake. Sisi wa Kakamega, wenye isukuti, tunaelewa maana yake. Mpiga piano wetu atacheza nyimbo mbili kati ya hizo.

Alirudi Marekani mwaka 1906 na 1910. Kazi nyingi zilimchosha. Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka katika kituo cha treni cha West Croydon, na tarehe 1 Septemba akafariki kwa nimonia. Alikuwa na miaka 37. Novemba, wanamuziki walifanya tamasha la ukumbusho katika ukumbi wa Royal Albert, London, na zaidi ya pauni 1,000 zikapatikana kwa ajili ya mjane na watoto. Mfalme akampa mjane pauni 100 kila mwaka. Kisa cha zile gini 15 kilitajwa sana watunzi wa Uingereza walipodai haki zao, na mwaka 1914 chama cha kulinda haki hizo kikaanzishwa.

Kwaya ilimlea, kwaya ilimwalika akiwa hai, na wanamuziki wakawakumbuka watoto wake.

Nikiwa katibu, ninatunza faili la nyimbo za kwaya hii. Nyingi zilitungwa na wanakwaya wetu, na baadhi yao wametutangulia. Katika karatasi nyingi hakuna jina wala mwaka, solfa tu kwa penseli inayofutika. Sadaka ya pili leo itatumika kuchapisha nyimbo hizo kwa solfa na nota, kila moja na jina la aliyeitunga. Ukijua mama yako, babu yako au jirani yako alitunga mojawapo, tafadhali nione mezani, karibu na mlango, kabla hujaenda nyumbani.

Katibu wa Kwaya