Williamson wa Mwadui na Funzo lake kwa Nyarugusu

Tunapozungumzia mitambo mipya katika mikoa yetu ya Shinyanga na Geita, mara nyingi tunazihesabu mashine na kusahau kuwahesabu watu wanaojua kuziendesha na kuzitengeneza zinapoharibika. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema leo tueleze kwa ufupi maisha ya mtu ambaye jina lake linajulikana kote Kanda ya Ziwa, bara na visiwani, lakini ambaye hutajwa zaidi kwa almasi zake kuliko kwa kazi yake. Mtu huyo ni Dakta John Williamson wa Mwadui.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Quebec, nchini Kanada. Alisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi akapata shahada ya udaktari, kisha akaja Afrika kutafuta madini. Hapa Tanganyika alifanya kazi Mabuki, kusini ya Mwanza, katika mgodi wa almasi ambao haukuwa na faida kubwa. Wenye kampuni walipokata tamaa, yeye hakuondoka. Alijua kwamba almasi zilizotawanyika juu ya ardhi lazima ziwe na chimbuko lake, akaendelea kulitafuta akiwa na fedha kidogo na mwili uliodhoofishwa na malaria. Mwezi Machi 1940 alilipata Mwadui: mwamba wenye almasi uliotanda eneo la hekta 146 hivi, mkubwa kuliko mingine yote ya aina yake iliyopata kuchimbwa kwa faida.

Lakini kuona almasi si kuitoa. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mitambo ilikuwa adimu. Kazi ilianza kwa majembe na vyombo vya kuungaunga. Udongo huoshwa na kuzungushwa katika sinia kubwa ili mawe mazito yatengane na mepesi. Kisha mazito hupitishwa kwa maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Almasi hunata kwenye grisi, mawe mengine huchukuliwa na maji. Jambo hili laonekana rahisi, lakini lahitaji mtu ajuaye kiasi cha maji, mwendo wa sinia na wakati wa kubadili grisi. Asiyejua huitupa almasi pamoja na taka.

Vita vilipokwisha Mwadui ulikua ukawa mji, wenye umeme, bwawa la maji, hospitali, shule, karakana na uwanja wa ndege. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Dunia ikaizungumzia almasi hiyo. Waafrika walioingia mgodini na majembe, wakajifunza kuendesha mitambo na magari makubwa, hawakuzungumziwa.

Ni haki tumsifu Williamson kwa ustahimilivu wake, na kwa kutambua kwamba mgodi hauendi bila karakana na bila watu wenye afya. Lakini ni haki pia tuseme lililopungua. Mwadui ulizungukwa na ua, na ndani ya ua huo, kama katika migodi yote ya kikoloni, vyeo vilifuata rangi. Mwafrika alifundishwa kushika usukani. Kupanga kazi, kupima mwamba na kusanifu mtambo vilibaki kwa wageni. Maamuzi makubwa yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Mtu huyo alifariki dunia Mwadui, Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Hakuwa na mke wala mtoto. Agosti mwaka huo huo warithi wake waliuuza mgodi kwa kampuni ya De Beers na Serikali ya kikoloni, nusu kwa nusu. Taifa lilipojitawala lilipokea mgodi wenye mashine nyingi na wataalamu wazalendo wachache. Miaka iliyofuata mitambo ilichakaa na uzalishaji ukashuka, na mwaka 1994 De Beers walirejea wakachukua asilimia 75 ya hisa. Sababu zilikuwa nyingi, za fedha na za soko. Lakini hatuna budi kukiri kwamba uhaba wa ujuzi ulikuwa mmojawapo.

Sasa tuitazame Nyarugusu, ile ya Geita. Hapo kuna wachimbaji wadogo wengi, baadhi yao vijana waliovuka ziwa kutoka visiwani. Wanapasua mwamba, wanasaga kwenye karasha, wanaosha na kukamata dhahabu kwa zebaki, sumu inayowaingia mapafuni inapochomwa. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu. Iliyobaki huenda na marudio, na marudio hununuliwa na wenye mitambo ya sianidi. Basi yule aliyeingia shimoni hupata kidogo, na mwenye ujuzi wa kuchenjua hupata kilichosalia bila kushika nyundo. Mali hiyo inahama kwa sababu ya pengo la elimu.

Serikali haikulala. STAMICO ina kituo cha mfano cha uchenjuaji Lwamgasa, jirani na Nyarugusu. Kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinawataka wenye leseni kuwafundisha wazawa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini. Tunachowaomba viongozi wa mikoa na wilaya ni kukagua utekelezaji. Wanapokwenda kuzindua mtambo, waulize ni Watanzania wangapi wanaoweza kuufungua, kuutengeneza na kuufunga tena, na kama majina yao yameandikwa.

Na ninyi, ndugu zetu wa visiwani, mwafahamu kwamba fundi wa mashua asiyemfundisha mwanawe huacha kijiji bila chombo. Kijana anayevuka kwenda machimboni asikubali kurudi na fedha peke yake. Adai kufundishwa, na apimwe apate cheti. Ujuzi ni amana, na anayeuficha amewadhulumu watakaokuja baada yake.