Ibn an-Nafis: Faqihi wa Kishafii Aliyeitambua Njia ya Damu Mapafuni



Ndugu zetu katika imani, vijana wetu wanaosomea uuguzi Mbeya na Iringa hufundishwa njia ya pumzi: puani, kooni, katika bomba la hewa, hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu ambako damu hupokea hewa safi. Wako wazazi wanaoiona elimu hiyo kuwa ya kidunia tupu, hata wakasita kumruhusu binti kuisoma. Kwa ajili yao tumeona tusimulie habari za Alauddin Ali bin Abil-Hazm, ajulikanaye kwa jina la Ibn an-Nafis, mtu wa madhehebu yetu ya Shafii.

Alikulia Sham mwanzoni mwa karne ya 13 Miladia, akasomea utabibu Damascus katika hospitali aliyoijenga Nuruddin Zengi. Baadaye alihamia Cairo, akawa anatibu wagonjwa na kufundisha fiqhi katika Madrasa ya Masruriyya.

Zama hizo matabibu walimfuata Galen, aliyeshika kuwa damu hupenya kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta ulio baina yake. Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake, aliipokea kauli hiyo. Mwaka 1242 Ibn an-Nafis, akiwa na umri wa takriban miaka 30, aliandika kitabu cha kufafanua mlango wa viungo katika Kanuni ya Ibn Sina, akakanusha: ukuta ule ni mzito, hauna kitundu cha dhahiri wala cha siri. Damu haina budi iende mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo irudi upande wa kushoto. Mwenyewe alieleza kuwa sharia na huruma vilimzuia kupasua miili, na wanachuoni wangali wakibishana alijuaje. Hakupatia kila jambo. Mengine aliyoyaandika juu ya moyo yamepitwa.

Kwa kuwa damu yote hupita hapo, pafu likiugua mwili mzima hudhoofu. Ndiyo maana muuguzi huhesabu pumzi kwa dakika nzima, bila mgonjwa kujua, kwani ajuaye hubadili pumzi zake. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Mtoto mwenye kikohozi, wa mwaka mmoja hadi mitano, akifikia mara 40, au wa miezi 2 hadi 11 akifikia 50, hiyo ni dalili ya nimonia. Na kifua kikibonyea chini ya mbavu avutapo pumzi, apelekwe hospitali usiku huo huo. Katika baridi ya Juni na Julai huku Nyanda za Juu, kila mzazi alijue hilo.

Ibn an-Nafis alifariki Cairo mwezi wa Dhulqaada 687 Hijria, yaani Desemba 1288. Walioandika maisha yake wanasimulia kuwa matabibu wenziwe walimshauri anywe mvinyo kama dawa, akakataa, asipende kukutana na Mola wake ilhali umo mwilini mwake. Nyumba na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun. Hoja yake juu ya mapafu ilisahauliwa na wengi hadi mwaka 1924, ambapo tabibu Mmisri, Muhyiddin at-Tatawi, aliyekuwa akisoma Freiburg, Ujerumani, aliikuta katika nuskha iliyohifadhiwa Berlin.