Krapf na uzito wa neno dhambi

Mkazi wa Ziwa la Ng'ombe hahitaji kwenda mbali kulifikia kaburi la Rosina Krapf, huko Nyali, ingawa ni wachache wanaolizuru. Makanisa ya mtaa huo hulitamka neno dhambi kila Jumapili, nami naona inafaa tumkumbuke mume wa mama huyo, aliyehangaika na neno hilo katika pwani hii kabla ya makanisa hayo kuwapo.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, kusini mwa Ujerumani. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa asilolitenda, akaugua kwa miezi sita. Kitandani humo ndimo alimozama katika Biblia na kuanza kuwaza juu ya ahera.

Baada ya kufukuzwa Ethiopia, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Juni alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Sheikh Ali, kadhi. Wote wawili walimjua Adamu na mti uliokatazwa. Lakini kwa kadhi, Adamu alitubu akasamehewa, na kila mwanadamu hubeba mzigo wake mwenyewe. Kwa Krapf, anguko lile liliwaharibu wanadamu wote. Neno dhambi, lililotoka katika Kiarabu, lilikuwa tayari na mipaka yake: lilitaja tendo, ilhali Krapf alitaka litaje pia hali ya moyo. Hilo si jambo dogo. Ikiwa dhambi ni orodha ya matendo tu, mtu mwema aweza kujirekebisha mwenyewe, na msalaba unakuwa dawa isiyo na mgonjwa.

Julai mwaka huo huo homa ilimwua Rosina na mtoto wao mchanga. Krapf, naye akiwa mgonjwa, aliwazika upande wa bara.

Johannes Rebmann alimfikia mwaka 1846, wakahamia Rabai. Katika kitabu chake cha safari, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860, Krapf asimulia kwamba alipowaeleza wenyeji juu ya uovu wa moyo wa binadamu, walishangaa, wakataka kujua ni nani aliyewasingizia kwake. Wasomaji wengi wa Ulaya walicheka, bila shaka. Mimi naona swali lile lilikuwa la haki kabisa, na ajabu ni kwamba aliyeulizwa ndiye yule mtoto aliyepigwa kwa kusingiziwa.

Kumbe mlango ulikuwapo. Wamijikenda wana imani ya chirwa, maradhi yanayomdhoofisha mtoto kwa sababu ya uzinzi wa wazazi wake. Mtoto hakutenda lolote, lakini madhara yamemfika. Anayeielewa chirwa hayuko mbali na fundisho la dhambi ya asili, pengine yu karibu zaidi kuliko mhubiri wa leo anayehesabu pombe, ngoma na nguo fupi, kisha akajiona amemaliza habari ya dhambi. Wapo pia wanaoliacha neno lenyewe kwa kuogopa kuwaudhi waumini, wakahubiri utajiri. Krapf alikuwa mkali, na mara nyingi hakuwatendea haki watu aliowaandika, lakini hakulipunguza neno hilo uzito ili apate wafuasi.

Wala hakuwapata. Kwa miaka yake ya Rabai anatajwa hasa Mringe, mlemavu, aliyesikiliza hadi mwisho wa uhai wake. Mwaka 1853 Krapf aliondoka akiwa amedhoofika. Alirudi kwa muda mfupi miaka ya 1860 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe.

Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata.