Joseph Everett Dutton, daktari wa kimputu
Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza, alizaliwa mwaka 1874. Mwaka 1901, huko Gambia, alikitambua kijidudu cha malale katika damu ya mtu. Mwaka 1903 shule ya tiba ya Liverpool ilimtuma Kongo pamoja na mwenzake John Todd.

Huku walichunguza homa ile inayopona na kurudi. Walionyesha kwamba huenezwa na kimputu, kupe wa nyumba za udongo, ambaye Tanzania huitwa papasi. Waliona pia kwamba vitoto vya kimputu, ambavyo havijauma mgonjwa yeyote, huambukiza: kijidudu hurithishwa kupitia mayai. Kimputu hukibeba maisha yake yote na kukipitisha kwa kizazi chake. Anayeugua ni mtu aliyeumwa usingizini.

Dutton naye aliugua homa hiyo. Alifia Kasongo, hapa Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Mwaka 1906 kijidudu kilipewa jina lake, na leo kinaitwa Borrelia duttonii.

Kupe, hata hivyo, alimkuta ana jina tayari. Sayansi humkumbuka Dutton. Neno kimputu huwakumbuka walioumwa kabla yake, ambao hakuna aliyewaandika.