Askofu Muge: Aliambiwa asiende Busia, akaenda

Ukitaka kumtafuta kasisi wa Kanisa la Uingereza aliyekufa zamani, kazi si ngumu sana. Tangu 1538 parokia za huko ziliamriwa kuandika kila ubatizo, kila ndoa na kila mazishi. Halafu tangu 1858 kuna kitabu kinaitwa Crockford ambacho huorodhesha makasisi: huyu alisoma wapi, alipewa daraja lini, alihudumu wapi. Kuna watu huko hushinda humo miezi na miezi wakimfuata babu wa babu yao aliyekuwa mchungaji wa kijiji fulani.

Sasa jaribu hapa Sisibo. Tena usianze na kasisi asiyejulikana, anza na yule ambaye mzee yeyote wa mji huu atakuambia habari zake bila kufikiria: Askofu Alexander Kipsang Muge.

Kitu cha kwanza, usitafute ACK. Wakati wake Kanisa la Kianglikana Kenya liliitwa CPK, na hilo jina la ACK lilikuja 1998, yeye akiwa ameshakufa miaka minane. Kitu cha pili, Dayosisi ya Eldoret yenyewe haikuwepo kabla ya 1983. Sehemu hizi zilikuwa chini ya Nakuru. Kwa hivyo kama nyanya yako alibatizwa hapa miaka ya sabini na unatafuta karatasi zake, unatafuta kanisa lenye jina lingine na dayosisi nyingine. Wengi hukwama hapo, wakidhani familia haikuandikwa popote.

Kitu cha tatu ni jina. Alexander ni la ubatizo, halikuambii lolote. Lakini Kipsang, kwa Kalenjin, ni mtoto wa kiume aliyezaliwa nje, si ndani ya nyumba. Muge alikuwa Mnandi, na hiyo shika vizuri, maana bila hiyo hutaelewa kilichofuata.

Kabla ya joho, alivaa magwanda. Alikuwa GSU. Ndiyo, GSU hiyo hiyo unayoijua, ile ikishuka kwenye lori watu wanatafuta uchochoro. Baadaye akaiacha kazi hiyo akaenda kusoma teolojia, akahudumu katika Kanisa Kuu la All Saints pale Nairobi, na 1983 akaletwa Eldoret kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya, kiti chake kikiwa St Matthew's. Mimi binafsi nadhani zile siku za GSU ndizo zilimfanya awe vile alivyokuwa. Mtu aliyewahi kusimama upande wa rungu hatishiki na rungu kama sisi.

Na rungu lilikuwepo. Mwaka 1982 Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kwa sheria. KANU au nyamaza. Rais alikuwa Moi, Mkalenjin. Kwa hivyo Mluo kama Askofu Henry Okullu wa Maseno South akiikosoa serikali, ilikuwa rahisi kwa watu kusema ni mambo ya kabila lake. Askofu David Gitari kule Mlima Kenya naye vivyo hivyo. Lakini Muge? Mnandi, akihubiri Eldoret, nyumbani kabisa kwa wafuasi wa Rais? Huyo hawakuwa na jibu lake. Ndiyo maana maneno yake yaliuma kuliko ya wengine, na ndiyo maana upweke wake, naamini, ulikuwa mkubwa kuliko wao.

Wazee wetu wanapenda kusimulia mlolongo kama kichekesho, lakini haikuwa kichekesho. Katika uteuzi wa KANU wa 1988 hakukuwa na karatasi ya kura ya siri. Unaenda uwanjani, unapanga foleni nyuma ya mtu unayemtaka au picha yake, chifu anaona, jirani anaona, mwajiri wako anaona. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amechaguliwa bila kupingwa tena. Na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa imeshinda ndefu, mchana kweupe. Viongozi wa makanisa wakasema jambo la kawaida kabisa: mchungaji akisimama kwenye foleni ya mtu mmoja, Jumapili atawatazamaje waumini waliosimama kwenye foleni ile nyingine? Muge alikuwa miongoni mwa waliolipinga hilo hadharani na hakurudi nyuma.

Halafu kuna njaa ya Pokot. West Pokot ilikuwa ndani ya dayosisi yake, akawa anafika kule na kuona kwa macho. Akasema wazi kwamba watu wanakufa njaa. Serikali ikakana. Leo ungepiga picha kwa simu, ukaiweka mtandaoni, ubishi ukaisha jioni hiyo hiyo. Yeye alikuwa na mimbari tu, pamoja na magazeti yaliyothubutu kuandika alichosema.

Ukifika 1990, kila kitu kilikuwa kimepanda joto. Februari waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa. Julai tarehe 7 ikawa Saba Saba, watu wakapigwa mabomu ya machozi na risasi kwa sababu ya kudai vyama vingi. Agosti sasa, Waziri wa Leba Peter Okondo, ambaye kwao ni upande wa Busia, akawaonya Muge na Okullu hadharani wasikanyage Busia. Wakifika wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Hakunong'ona kwenye mkahawa. Alisema waziri wa serikali, magazeti yakaandika, nchi nzima ikasoma.

Muge akajibu kwamba ataenda. Akaongeza kwamba akiuawa, damu yake isiyo na hatia itamwandama Okondo.

Tarehe 14 Agosti 1990 akaenda. Akafika Busia, watu wakampokea, hakuna moto. Akaanza safari ya kurudi Eldoret. Pale Kipkaren, kwenye barabara hii tunayopita kila tukienda Webuye, gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa hapo hapo, karibu kabisa kufika.

Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alishtakiwa kwa uendeshaji hatari, akafungwa miaka saba, akafia gerezani akiwa ametumikia mitano. Kwa hivyo yule ambaye angeulizwa swali la pili hayupo. Miaka mingi baadaye, ile Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliposikiliza watu, aliyekuwa afisa wa Special Branch aliiambia kwamba ajali ile ilipangwa. Mahakama ilikuwa imeshasema ni ajali. Hizo habari mbili zimekaa hivyo hadi leo, na ukiuliza kwenye stendi ya matatu hapa mjini, utapata ya tatu na ya nne.

Mimi siwezi kukuambia ni ipi. Ninachoweza kusema ni kwamba waziri akitangaza kifo cha mtu, na mtu huyo akafa siku chache baadaye, mzigo wa kueleza hauwi wa waliofiwa. Na bado familia na dayosisi ndio waliobaki nao.

Vyama vingi vilirudi Desemba 1991, miezi kumi na sita baada ya Kipkaren. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, yaani siku moja baada ya kumbukumbu ya kifo chake kutimiza miaka 34. Fataki na mabango, sherehe poa. Ni watu wangapi pale walikumbuka jana yake ilikuwa siku gani?

Kuna rejista moja ambayo huhitaji kuiombea ruhusa ofisini. Katika kanisa la Kianglikana, kipaimara hutolewa na askofu, si kasisi wa parokia. Kwa hivyo kama mzazi wako au shangazi yako alipata kipaimara katika dayosisi hii kati ya 1983 na Agosti 1990, kuna uwezekano mkubwa kwamba mkono uliowekwa kichwani mwake ulikuwa wa Muge. Cheti huenda kiko kwenye ile bahasha ya kaki chini ya godoro, pamoja na hati ya shamba na kitambulisho cha zamani. Mwombe akuonyeshe jina lililoandikwa chini. Halafu muulize alikuwa wapi siku redio iliposema.